Penseli kwenye kibao ikuonyeshe upinde unapogoma kupinda

Katika kuchonga pinde za mishale nimeharibu mbili za mti wa mkole kwa kutegemea macho kujua kama zinapinda sawasawa, sasa natumia kifaa hiki. Chukua kibao kilichonyooka cha urefu wa sentimita 12 hivi, toboa katikati, penyeza penseli ikaze. Funga upote (uzi wa upinde), vuta upinde kidogo tu na uuache umeshikwa ukutani. Pitisha kibao upande wa tumbo, ule unaokutazama unapovuta, utafute mahali palipopinda zaidi, na hapo rekebisha penseli hadi ncha ibaki unywele tu bila kugusa. Kisha telezesha kibao kwenye mkono mzima wa upinde, yaani kutoka mshikio hadi nchani. Palipopinda kuna nafasi chini ya kibao, kwa hiyo penseli haiandiki. Palipo pagumu nafasi ni ndogo, inachora. Kwangua penye mchoro tu, kwa kipande cha kioo au kisu kilichoshikwa wima, mara tano au sita, basi. Pasipo na alama usipaguse hata pakikutamanisha.

Kabla ya kupima tena, vuta na kuachia kama mara 30, maana mti hauonyeshi ulichopunguza mpaka uchezeshwe. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nakosea: nakwangua, naona hakuna kitu, naongeza, kesho yake mkono mmoja umelegea.

Kifaa hiki kinadanganya kwenye mti wenye mawimbi au vifundo, kwani kinasoma umbo la asili kana kwamba ni ugumu. Karibu na mshikio na nchani nako kitachora. Paache, panatakiwa pawe pagumu.