Kabla hujahamia nje ya mji, andika safari zako za wiki moja

Mwaka jana mimi na baba watoto tulimaliza kupaua nyumba yetu Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Tumepanga Tabata Kimanga miaka kumi na mmoja, kodi ya miezi sita sita, na kila aliyekuja kutupa hongera aliuliza, mnahamia lini? Mimi ni fundi cherehani, nina mashine yangu kwenye baraza Kariakoo. Mwenzangu ni fundi umeme, leo yuko Sinza kesho Mbezi. Tulipiga hesabu ya nauli ya kwenda kazini na kurudi, tukailinganisha na kodi, tukaona inalipa. Tukaanza kutafuta kirikuu cha kubebea vyombo.

Shangazi ndiye aliyetusimamisha. Alisema, "Mwanangu, hiyo uliyohesabu ni nauli ya kazini. Kwa mama yako utakwenda na nini? Na kliniki yake?" Sikuwa na jibu. Nikanunua daftari la kurasa 48, nikaandika kila nilipokwenda kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Nakueleza nilivyofanya, kwa sababu nina marafiki watatu waliohamia mbali kwa hesabu kama yetu ya mwanzo, na wawili wamerudi kupanga mjini huku nyumba zao zimefungwa.

Kwanza elewa safari moja ni nini, la sivyo utachanganyikiwa siku ya kwanza tu. Safari ni kutoka mahali fulani hadi mahali pengine kwa shughuli moja. Kupanda daladala hadi Buguruni Sheli ukaunganisha nyingine ya Kariakoo bado ni safari moja yenye vipande viwili. Lakini ukishuka Buguruni kununua samaki, kisha ukaendelea Kariakoo, hizo ni mbili. Kurudi nyumbani nako ni safari. Na kutembea kwa miguu kunahesabika, hata kwenda dukani kwa Mangi kununua mafuta ya taa. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mguu hauna nauli, kwa hiyo tunaona kama hatujaenda popote, wakati miguu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya siku yetu.

Kila safari iandike mstari mmoja: saa uliyotoka, ulikotoka, ulikokwenda, ulikwenda kufanya nini, vyombo ulivyopanda, nauli yote, dakika ulizosubiri kituoni, na uliyeongozana naye au mzigo uliobeba. Usiache hilo la mwisho. Njia ambayo peke yako unaipita vizuri inakuwa nyingine kabisa ukiwa na mzee mwenye fimbo au furushi la vitambaa. Andika ukifika, usingoje usiku. Mimi Jumanne nilingoja usiku, nikasahau kwamba nilirudi shuleni mchana kumpelekea mtoto dawa yake ya pumu.

Siku saba usizipunguze. Jumatano pekee itakuonyesha kazi na shule, lakini vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ni Alhamisi, kanisa ni Jumapili, na kwa mama ni Jumamosi. Baadaye nilisoma kwamba Uingereza wana utafiti wa taifa wa safari ulioanza miaka ya 1960, ambao tangu 1988 unafanyika mfululizo, na wanaochaguliwa nao hupewa daftari la siku saba. Nilifarijika kuona kwamba nilichokifanya mezani kwangu kina wenzake.

Wiki ilipoisha nilikuwa na safari 38. Za kazi yangu, pamoja na kufuata vitambaa Mtaa wa Uhuru na kumpelekea mteja nguo, zilikuwa 14. Kumi na tano zilikuwa za kumhudumia mtu: kumfikisha mtoto shule, soko, dawa, mama. Tisa zilizobaki ni vikoba, kanisa na msiba wa jirani yetu wa zamani. Baba watoto naye niliomba aandike zake. Alikuwa na 22, na 17 kati yake ni za kazi. Aliyasoma madaftari yote mawili kimya, akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nahesabu safari zangu, nikadhani ni za nyumba nzima."

Profesa mmoja wa Madrid, Inés Sánchez de Madariaga, ameeleza jambo hili vizuri. Takwimu za usafiri huzitawanya safari hizi kwenye mafungu madogo madogo, manunuzi huku, kusindikiza kule, shughuli binafsi pale, kwa hiyo hakuna anayeuona ukubwa wake. Ukizikusanya kuwa fungu moja la kulea na kuhudumia, zinakaribia kuwa nyingi kama za kazini. Kwangu mimi zilizidi. Ndiyo maana nakusihi usimwachie mtu mmoja wa nyumba apige hesabu ya kuhama. Kila mtu mzima awe na daftari lake.

Sasa chukua kalamu nyekundu upitie mstari kwa mstari. Safari itakayohama pamoja nawe, kama duka na shule, iwekee alama ya vema. Itakayobaki mjini, kama kazi, wateja na wazazi, izungushie duara. Yangu yenye duara nene kuliko zote ilikuwa ya kwa mama, Tungi, Kigamboni. Kutoka Kimanga ni daladala hadi mjini, nyingine hadi Feri, pantoni shilingi 200, halafu bajaji. Vipande vinne, na siku ile ya Jumamosi nilitumia saa moja na dakika hamsini, ambapo kusubiri peke yake kulichukua dakika arobaini na tano. Ukiiongezea njia ya kutoka Chanika, unaona mwenyewe kwamba kwenda na kurudi kunakula siku nzima, na kumpeleka mama kliniki asubuhi kunahitaji ukalale kwake.

Baada ya hapo, nenda ukaijaribu njia yenyewe kwa saa zile zile utakazoitumia. Usiende Jumapili mchana na gari la rafiki. Barabara ya Jumapili haikwambii chochote. Sisi tulitandika godoro kwenye nyumba isiyo na madirisha tukalala usiku mbili. Saa kumi na moja alfajiri kituoni Chanika palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea, ila siti nilipata. Jioni ndiyo iliyonifundisha. Pale nilipozoea kusubiri, magari yalikuja yamejaa, maana watu wanayadaka huko nyuma yakiwa bado yanakwenda mwisho wa ruti, wanageuza nayo. Ukigeuza unalipa nauli mara mbili ili ukae. Basi kwenye daftari andika nauli utakayoilipa kweli ukiwa umechoka na una mzigo. Ile halali iliyopangwa kwa umbali na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, peke yake haitoshi. Siku ya pili konda alikatisha ruti Gongo la Mboto, akatushusha wote usiku, tukatafuta gari nyingine. Hilo nalo liandike, na dakika zake.

Usisahau kipande cha kutoka lami hadi mlangoni. Kwetu ni bodaboda, na ukichelewa anayekubali kuingia ndani anataka bei yake. Tafuta wawili wanaokaa mtaa ule, uwe na namba zao kabla hujahamisha hata ndoo.

Kama unaweza, rudia jaribio wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mji huu mvua inaupanga upya. Jangwani pakijaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa, na watu wote wa Kimara na Mbezi hutafuta njia nyingine, kwa hiyo hata wewe usiyepita huko unaikuta foleni. Na usihesabu ahadi. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yalianza 2016 na yamewasaidia wengi, na njia nyingine zikifunguliwa nazo zitasaidia, lakini hesabu yako ifanye kwa gari unaloweza kulipanda Jumatatu hii. Likija basi jipya, utafungua ukurasa mpya.

Sisi hatujahama. Nyumba ya Chanika tumempangisha mwalimu anayefundisha huko huko, hadi mtoto amalize darasa la saba. Cherehani yangu ya pili iko Tungi kwa mama. Ijumaa na Jumamosi nashonea huko, na wateja wa ng'ambo ile wameanza kunifuata. Kliniki ya mama ameichukua baba watoto, kila mwezi. Jumatatu ijayo tunaanza daftari la pili, na safari hii mtoto naye ameomba lake.