Kabla hujamlipa mtu: jinsi ya kuitumia ofisi ya taarifa za utalii Arusha

Nenda asubuhi, na nenda kabla hujatoa hata senti ya safari. Hilo nawaambia wageni wangu wakiwa hawajamaliza hata kushusha mabegi, na ndilo wanalolipuuza kuliko yote. Nina nyumba ya kulala wageni Kaloleni, si kubwa, na nusu ya kazi yangu ni kutandika vitanda, nusu nyingine ni kujibu watu wanaotaka kuona simba kesho. Ninayoyajua nayajibu. Yanayonishinda nayapeleka Barabara ya Boma, kwenye ofisi ya taarifa ya Bodi ya Utalii, TTB. Kuuliza ni bure, na wale pale hawana gari la kukukodisha.

Kufika si kazi. Simama Mnara wa Saa, shika barabara inayopanda kuelekea Boma la zamani, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho. Kazi iko hapo Mnarani. Kuna vijana wanaoitwa flaikacha, madalali wa safari, wanashinda pale wakisubiri wageni, na wengine ni wacheshi hasa. Watakuambia ofisi imehama, au leo wamefunga, au twende kwetu maana ni ileile. Wasalimie, usisimame. Na wewe Mtanzania mwenzangu usijidanganye kwamba hawakuhusu. Ukionekana na begi mgongoni na unaongea kama umeshuka jana kutoka Dar, wewe ni mgeni kama wengine.

Saa ni za serikali, siku za kazi. Ukiwa na rafiki kutoka nje mwandikie saa kwa tarakimu za kwake, usimtamkie tu. Mmoja wa wageni wangu aliambiwa saa tatu akaenda alasiri, akatembea juani bure.

Sasa tuingie ndani. Salimia kwanza, na kama aliyeko mezani amekuzidi umri, shikamoo haikupunguzii kitu. Halafu usiulize "kuna nini cha kuona?" Hilo ndilo swali la kila mtu, na jibu lake ni kipeperushi. Wageni wanaorudi kwangu wamenuna kwamba hawakusaidiwa, nikiwahoji, karibu wote waliuliza hivyo. Wewe taja mambo yako: tuko watatu, mmoja ana miaka saba, tuna siku mbili, gari hatuna, mfukoni tuna kiasi hiki. Hapo mtu wa mezani anapata pa kuanzia. Atakuambia Tarangire inapendeza kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa sababu tembo wanakusanyika mtoni maji yakikauka kwingine. Atakuambia ukitaka kuona nyumbu wanazaa, kati ya Januari na Machi wako upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, kwa hiyo anayekuuzia safari ya kuwaona wakivuka Mto Mara, kule kaskazini, mwezi Februari anakuuzia hewa. Ukimwambia una siku moja tu, huenda akakutajia Hifadhi ya Arusha, na mimi namuunga mkono. Watu wanaidharau kwa kuwa iko karibu, kumbe unatembea kwa miguu na askari wa hifadhi, unawaona twiga na mbega, unafika maziwa ya Momella, na jioni unakula kwako.

Kama umeshapewa bei na kampuni, omba wakuandikie, kisha beba karatasi hiyo. Hapa ndipo ofisi hii inapokufaa.

Niliwahi kumsindikiza baba mmoja wa Mwanza aliyekuja na mkewe na watoto wawili. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: Serengeti siku tatu, kila kitu ndani, na jumla kwa dola. Kampuni siitaji. Dada wa mezani hakusema ni ghali wala ni rahisi. Alichukua kalamu akaanza kuuliza.

"Baba, mnapita wapi kwenda?"

"Karatu."

"Basi mnakatiza Ngorongoro. Kiingilio cha Ngorongoro kimo humu?"

Mzee hakujua. Wengi hawajui. Serengeti ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake, na kila mmoja anachukua ada yake. Ukitoka Arusha kwa njia ya Mto wa Mbu na Karatu unaingia Ngorongoro geti la Lodoare, unatokea Naabi ndipo uko Serengeti. Kibali cha Ngorongoro kinahesabiwa kwa saa 24, hivyo ukirudi siku ya tatu kwa njia hiyohiyo unalipa tena, hata kama hukushuka kwenye gari. Mkitaka kuteremka kreta, lile bonde la Ngorongoro lenye wanyama, gari nalo lina ada yake, mbali na viingilio vya watu. Dada akayaandika yote pembeni ya karatasi, moja chini ya jingine. Akauliza umri wa watoto, kwa sababu aliye chini ya miaka mitano haingizwi kwenye hesabu na wa kuanzia hapo hadi kumi na tano ana bei ya mtoto. Akauliza kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani. Mwisho akauliza, "Vitambulisho vya NIDA mmekuja navyo?" Mzee akaitoa pochi. Raia wa Afrika Mashariki analipa viingilio kwa shilingi, na tofauti yake na dola za mgeni wa mbali si ya mchezo. Karatasi ilikuwa imewahesabu wote wanne kama wametoka Ulaya.

Alirudi kwa kampuni na karatasi imejaa wino. Walimpigia hesabu upya, na safari akaenda na hao hao. Dereva, aliniambia, alikuwa mzuri sana.

Jambo linalofuata ni leseni. Kila kampuni ya kusafirisha watalii lazima iwe na leseni ya mwaka husika kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Mjini bado tunaiita TALA kwa mazoea. Pale ofisini uliza kama kampuni yako imo kwenye orodha ya zenye leseni, na kama jina hilo limewahi kulalamikiwa. Peleka jina kama lilivyo kwenye risiti au mkataba, usipeleke lililochapwa kwenye fulana ya kijana aliyekuleta. Kuna kampuni zinazopishana herufi moja mbili, na pengine hilo si bahati mbaya. Ukienda kwenye kampuni yenyewe, omba kuona leseni ukutani: soma mwaka, soma jina, kisha linganisha na jina la akaunti ya benki unayoambiwa uingize pesa. Wakikupa namba ya simu ya mtu binafsi ndiyo utumie pesa, waambie utarudi. Ada za hifadhi hazilipwi kwa noti getini. Zina kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, na unayo haki ya kuomba kuona malipo yametoka.

Bei yoyote iliyochapishwa, iwe ya TANAPA, ya kampuni au ya kipeperushi ulichookota hotelini, uliza ni ya mwaka gani wa fedha. Mwaka wa serikali unaanza Julai, na aliyekupa bei Mei kwa safari ya Agosti huenda amehesabu ya zamani.

Usitegemee wakuambie kampuni ipi ni bora. Watakupa orodha, kuchagua ni kwako, na ukiwabana unawaweka pabaya bure. Ukitaka kujua nani anajali wageni, kaa na waliorudi jana. Kifungua kinywa cha nyumba yoyote ya wageni kinatosha, wanaongea bila kuombwa.

Ila kuna kitu kimoja ambacho ofisi hiyo inakijua kuliko madalali wote wa Mnarani, nacho ni utalii wa vijijini, ule mpango wa utalii wa kiutamaduni ulioanza miaka ya tisini. Dalali hautaji kwa sababu kamisheni yake haionekani. Ng'iresi iko mteremkoni Meru, karibu kabisa na mji. Mulala akina mama wanatengeneza jibini. Mkuru kuna ngamia. Longido, njia ya Namanga, unapanda mlima na kijana wa Kimasai. Mimi huwasukumia wageni Tengeru: kahawa unaivuna, unaikaanga na kuitwanga mwenyewe, kisha unaambiwa habari za wakimbizi wa Kipoland waliowekwa pale kwa maelfu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na makaburi yao bado yapo. Ziwa Duluti liko hapo hapo, na ukiangukia Jumamosi kuna soko. Daladala zinafika.

Ukichagua kijiji, uliza mambo matatu kabla hujaondoka mezani: nani mratibu wa kijiji na simu yake, bei inajumuisha chakula na usafiri au mwongozaji tu, na kiasi gani kinabaki kwenye mfuko wa kijiji. Mpigie mratibu ukiwa palepale. Anayepigiwa siku moja kabla anawaambia akina mama wapike. Ukitokea ghafla saa sita, utakula ulichobeba.

Na mambo yakiharibika njiani, gari bovu, dereva hana pesa ya mafuta, hema halipo, usingoje urudi kwenu ndipo uanze kulalamika. Arusha kuna polisi wa utalii na diplomasia, na Bodi ya Utalii nayo inapokea malalamiko. Watakuuliza ushahidi: mkataba, risiti, ujumbe wa simu. Namba ya gari ndiyo watu husahau, kwa hiyo ipige picha kabla hujapanda.