Gia za mkono: somo la mguu wa kushoto

Asalaam alaykum. Anayejifunzia Unguja mjini hupata barabara tambarare, na tambarare husamehe mengi. Mpeleke Mkoani, Pemba, apande kutoka bandarini, hapo ndipo utajua kama klachi, kanyagio la mguu wa kushoto, anaijua.

1. Kuwasha. Hendibreki juu, gia iwe frii (isiwe kwenye namba yoyote), klachi chini hadi mwisho. Ikiwa mguu haufiki, sogeza kiti, usijinyooshe.

2. Kuondoka. Gia ya kwanza ni ya kuondokea tu. Pandisha klachi taratibu mpaka sauti ya injini izame na pua ya gari inyanyuke kidogo. Hapo tulia, tia mafuta, kisha malizia kuiachia.

Gari ikishatembea, mguu wa kushoto ushuke sakafuni. Wengi huuacha juu ya klachi wakidhani wameugusisha tu. Uzito huo mdogo unatosha kuibana beringi ya klachi njia nzima, na ukizidi, sahani ya klachi, inayoiunganisha injini na giaboksi, huteleza badala ya kushika, ikapata moto na kulika. Klachi iwe juu kabisa au chini kabisa. Katikati ni pa kupita.

3. Kupandisha gia. Achia mafuta, kanyaga klachi, badilisha, achia klachi, tia mafuta. Gari nyingi za petroli hupenda kubadilishwa injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, lakini sikio likizoea hutaitazama saa ya mizunguko. Gia ikigoma, usiishindilie. Kisha mkono urudi kwenye usukani. Fimbo ya gia si pa kuegemea.

4. Kushusha gia. Punguza mwendo kwa breki kwanza, gia ifuate. Mpando ukiuona mbele, chagua gia ukiwa bado chini. Anayengoja mpaka gari ianze kutetemeka katikati ya kilima amechelewa.

5. Rivasi. Gari isimame kabisa. Basi.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Mwalimu, nikisimama mpandoni gari inanirudi nyuma, na aliye nyuma yangu anapiga honi.

Jibu: Mwache apige. Vuta hendibreki, tia gia ya kwanza, pandisha klachi hadi ianze kushika, ongeza mafuta kidogo. Ukiona gari inataka kwenda, ndipo uishushe hendibreki. Usiizuie gari kilimani kwa klachi na mafuta, hiyo harufu ya kuungua ni sahani yako.

Mwanachama, Chake Chake: Wenzangu huteremka kwa frii kuokoa petroli. Kweli?

Jibu: Si kweli kwa gari za sindano za kielektroniki, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, sindano hukatiwa petroli. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizime. Na breki zinabaki peke yake kuibeba gari. Anayezima injini kabisa ndiye hatari zaidi, maana breki hupoteza msaada wake na kanyagio likawa gumu.

Mwanachama, Fuoni: Foleni ya Darajani, nikae na gia ya kwanza klachi ikiwa chini?

Jibu: Kama ni kusimama kwa muda, hapana dada yangu. Frii na hendibreki.

Mwanachama, Konde: Injini inanguruma, gari haipandi. Fundi anataka kushusha giaboksi.

Jibu: Ijaribu kwanza pahala tambarare, mbele pawe wazi. Hendibreki juu, mguu kwenye breki, gia ya nne, achia klachi taratibu. Ikizima, sahani bado inashika, tafuta kwengine. Ikiendelea kunguruma, imekwisha, na giaboksi itabidi ishuke tu, maana sahani iko kati yake na injini. Usilirudie jaribio hilo mara nyingi.