Umevunja mpini wa shoka la watu? Sema kabla hujalirudisha (namna ya kuchanja kuni bila kuumizana, na namna ya kukiri ukikosea)

Shoka la mjomba nililivunja mimi. Nilikuwa na miaka 16, nachanja gogo kavu lenye fundo katikati, nikasogea karibu mno, sasa lile pigo likapitiliza na badala ya chuma kutua kwenye gogo ukatua mpini, pale shingoni kabisa, vidole viwili chini ya kichwa cha shoka. Nikasikia mlio mdogo tu. Kuangalia, nyuzi za mti zimeinuka na ufa umetambaa kama urefu wa kidole. Nikatafuta kipande cha mpira wa baiskeli nikaufunga vizuri, nikapaka udongo ili rangi ifanane, alafu nikaliegemeza shoka ukutani ule upande wenye ufa ukiangalia ukuta.

Siku mbili baadae binamu yangu akalichukua achanje kuni. Pigo la tatu kichwa kikachomoka, kikaruka nyuma kikatoboa ndoo ya maji iliyokuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa mdogo wake. Mtoto hakuguswa ila alilia sana kwa mshtuko, na binamu yangu akagombezwa vibaya, mi nimesimama palepale nasikia na nimenyamaza. Mpaka usiku ndo nikamfuata mjomba nikamwambia, "Mjomba, lile shoka lilikuwa limevunjika tangu juzi." Akaniuliza, "Nani kalivunja?" Nikamwambia tena lilikuwa limeshavunjika. Akauliza hivohivo kwa mara ya pili, sauti ileile, nani kalivunja. Hapo ndo nikasema nimelivunja mimi.

Kwaiyo huu mwongozo una mambo mawili na mi siyatenganishi, namna ya kuchanja usikosee na namna ya kusema ukishakosea, kwa sababu kosa la kwenye kuni likifichwa haliishi, linakaa kwenye mpini linamsubiri mtu anayefuata.

Kabla hujainua shoka

Shika shoka, nyoosha mkono, zunguka taratibu mahali pako pote ukigusa hewa na kichwa cha shoka, na juu pia. Kikigusa chochote, iwe kamba ya nguo, tawi, ukuta, hapo sio mahali pa kuchanjia. Watu wakae mbali, na mbali namaanisha hatua kumi hivi, sio nyuma yako wala mbele yako, maana kipande cha ukuni kinaruka pembeni na kichwa cha shoka kikichomoka kinaruka mbele au nyuma. Mtoto akisogea unashusha shoka chini, unamtoa, ndo unaendelea. Usimpigie kelele huku shoka liko juu.

Angalia kiungo cha kichwa na mpini. Kuna shoka ambalo chuma ndo kina tundu na mpini unaingia humo ukabanwa na kabari, na kuna lile ambalo mti ndo una tundu na chuma kinachomekwa kwenye rungu la mpini. La kwanza linalegea mti ukikauka na kusinyaa, la pili rungu linapasuka. Lote unalikagua hivi: lishike, litikise, pitisha kidole gumba shingoni ukitafuta nyuzi zilizoinuka. Ukiona mpira, waya, tepu, au udongo mahali ambapo hapahitaji udongo, fungua uangalie chini yake kuna nini. Hilo la mwisho naliandika kwa uchungu kabisa.

Afu ile tabia ya kuloweka shoka kwenye maji ili mpini uvimbe ubane, acheni. Unavimba kweli na unabana siku hiyo, lakini mti ukikauka tena unasinyaa zaidi ya mwanzo, maana zile nyuzi zilikandamizwa kwenye tundu. Dawa ni kugongea kabari upya au kubadilisha mpini basi.

Shoka butu ni hatari kuliko kali. Watu wanadhani kinyume, ila shoka kali linauma mti na kubaki hapo, butu linateleza kwenye gome linakuja mguuni. Linoe kwa tupa au jiwe, na ukiona umeanza kutumia nguvu nyingi kuliko mwanzo ujue makali yameisha au we ndo umechoka, na vyote viwili dawa yake ni kukaa chini kwanza.

Kuchanja kwenyewe

Weka ukuni juu ya gogo lingine pana, lenye urefu wa kufika gotini au chini yake kidogo. Uweke ukingo wa mbali, sio ule wa karibu na wewe, ili ukikosa shoka liishie kwenye gogo la chini na sio kwenye ugoko wako. Miguu panua usawa wa mabega, na shoka linaposhuka nawe shuka, kunja magoti, kwa sababu ukibaki umesimama wima shoka linachora nusu duara na mwisho wa hiyo nusu duara ni miguu yako. Ukikunja magoti linashuka moja kwa moja na kuishia kwenye gogo.

Pima umbali kabla ya kila pigo, sio pigo la kwanza tu. Weka makali juu ya ukuni pale unapotaka yatue, mikono ikiwa imenyooka, ndo uinue. Mi kosa langu lilikuwa hapa, nilipima mara ya kwanza, gogo likasogea kidogo, mi nikasogea sana.

Soma nyufa. Ukuni mkavu una nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, fuata hizo. Fundo usilipige katikati, anza pembeni ulizunguke, na kama nyuzi za mti zimejisokota kama kamba usishindane nalo, tumia kabari ya chuma na nyundo nzito. Hapa kuna kosa naliona sana, mtu shoka limenasa anachukua shoka la pili anagonga kisogo cha la kwanza. Chuma kigumu kwa chuma kigumu kinatoa vipande vidogo vinavyoruka kwa kasi ya ajabu, na mahali pabaya pa kuingia ni jichoni. Kabari nayo kichwa chake kikishachanua kama uyoga kisage kwanza. Miwani ya kazi ivae, hata kama ni ukuni mmoja.

Shoka likinasa, bonyeza mpini chini na juu, chini na juu, usiuvute kushoto kulia maana unavunjika shingoni. Na ukuni usiushike kwa mkono ili usimame. Hausimami? Ulaze, au uegemeze kwenye mwingine, au ushikilie kwa kijiti kirefu.

Tawi lililopinda na kubanwa chini ya mti ulioanguka ni jambo jingine kabisa. Lile lina nguvu kama mtego. Ukilikata upande wa nje wa mpindo, ule uliovutika, linafyatuka lote kwa mara moja. Linapunguzwa nguvu kidogo kidogo kwa kukwangua upande wa ndani wa mpindo, ule uliobanwa, na we umesimama pembeni, sio kwenye njia litakayorukia. Kama hujawahi kufanya mwite mtu anayejua, na kumwambia "hii siijui" nako ni kukiri, tena ni kukiri kwa bei nafuu kabisa.

Ukiumia, sema ukweli wa kilichokuumiza

Kidonda kinachotoka damu unakibana kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 ukiangalia saa, bila kufunua kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu. Kitu kilichochomeka ndani usikichomoe, bana pembeni yake. Damu ikiruka kwa mapigo kutoka mkononi au mguuni na kubana hakusaidii, funga kitambaa kipana kati ya kidonda na moyo, vidole vinne hivi kutoka kwenye kidonda na sio kwenye kiungo kama goti au kiwiko, kaza kwa kijiti mpaka damu ikate, andika saa uliyofunga, usikilegeze njiani. Kidole kikikatika kabisa kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, alafu huo mfuko ndo uweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja. Na kidonda chochote chenye udongo kiulizie chanjo ya pepopunda.

Sasa watu wakifika kwa daktari wanadanganya. Alichukua shoka bila ruhusa, au alikuwa amekunywa, au alikuwa anagonga shoka kwa shoka na alishakatazwa, basi anasema "nimeanguka" au "kijiti kimenirukia". Jamani. Eksirei inaonyesha chuma vizuri lakini kipande cha mti mara nyingi hakionekani, kwaiyo daktari anahitaji kujua anatafuta nini. Na ukisema ni mti kumbe ni chuma kimeingia jichoni, ukaja kuwekwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ile ina sumaku kali mno, kile kipande kinaweza kusogea ndani ya jicho na ukapoteza uoni. Yaani uongo mdogo wa kukwepa aibu unageuka kuwa upofu. Jicho lenyewe usilisugue wala usijaribu kutoa kitu, lifunike kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe cha karatasi, uende.

Kukiri

Kiswahili kinatupa kichaka cha kujifichia na tunakitumia tangu utotoni. Kikombe kimevunjika, maji yamemwagika, mpini umepasuka. Hakuna mtu hapo. Vitu vinajivunja vyenyewe. Mjomba alikuwa anakataa hilo neno, anataka lile lingine, nimevunja, nimemwaga, nimepasua. Kwaiyo ukitaka kujua kama kweli unakiri, sikiliza kitenzi chako. Kama hakina "ni-" mwanzoni bado hujakiri, hata ukiongeza samahani kumi.

Sema mapema, kabla mtu hajaligundua na kabla mtu mwingine hajalitumia. Sema kwa mwenyewe, sio kupitia mtoto wala kwa kuacha ujumbe kwenye simu wakati mko nyumba moja. Sema kitu chenyewe, kilichotokea, hatari iliyobaki, na utafanya nini. Mfano: "Mjomba, nimevunja mpini wa shoka. Nilipitiliza ukagonga gogo, una ufa shingoni. Nimeliweka ndani mtu asilitumie. Jumamosi nachonga mwingine." Alafu nyamaza. Hapa ndo pagumu maana mdomo unataka kuendelea, gogo lilikuwa na fundo, jua lilikuwa kali, mpini wenyewe ulikuwa mzee. Hata kama ni kweli, ngoja uulizwe. Ukiunganisha na kukiri unakuwa umetoa na umechukua.

"Ajali haina kinga" naomba pia iwekwe pembeni. Aliyeumizwa akiisema yeye, ni sawa, anakusamehe. Ukisema we uliyeumiza unajisamehe mwenyewe mbele yake.

Ukuni ukiruka ukavunja kioo cha jirani, nenda kabla hajatoka kuangalia, na uende na mikono tayari kufagia vile vioo. Ukikata mti au tawi ambalo sio lako, usilichanje haraka haraka ili ushahidi uishe, liache lilivyo, mwite mwenyewe aone. Na mtu akisingiziwa kosa lako usisubiri usiku kama mimi. Kiri pale pale, mbele ya wale wale waliosikia akigombezwa, sababu aibu aliipata mbele za watu na lazima iondolewe mbele za watu. Mi nilikiri kwa mjomba chumbani, na binamu yangu alibaki kwa wengine kuwa ndo aliyeharibu shoka, hadi nilipokuja kulisema upya kesho yake tukiwa wote. Aliniangalia tu akaendelea kula. Ilichukua muda aniongeleshe kama zamani, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Na we mwenye shoka, ukiletewa kosa, swali la kwanza liwe "umeumia?" Ukianza na ukali mtoto atajifunza kufunga mpira na kupaka udongo, kama mimi nilivojua kufanya. Lawama ipo, itafika, ila isiwe ya kwanza.

Kurekebisha ulichovunja

Mjomba hakunipiga. Alinipa panga na mti mkavu ulionyooka akasema chonga. Tafuta mti mgumu ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka juu hadi chini, zikikatiza pembeni utavunjika palepale. Tumia mpini wa zamani kama kipimo. Shingoni chonga kidogo kidogo, jaribu, chonga tena, sababu ukizidisha hakuna kurudisha. Ukishaingia kwenye tundu, geuza shoka kichwa kining'inie chini bila kugusa ardhi, gonga kitako cha mpini kwa rungu, utaona kichwa chenyewe kinapanda juu ya mpini kila unapogonga. Kikigoma kupanda zaidi, pasua ncha ya juu, gongea kabari ya mti mkavu, kata iliyozidi.

Wangu wa kwanza ulikuwa mnene mno ukachubua viganja, nikauchonga tena kesho yake. Nilipomaliza mjomba alimwita binamu yangu, akampa yeye ndo alijaribu kwanza, na mi nikasimama zile hatua kumi.