Kulala ndani ya kreta ya Kibo: hatua kwa hatua, ukianza na njia ya kushuka

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, makundi ya kupanda Kilimanjaro yakianza kujipanga, hakosi kijana wa Dar au Nairobi anayekuja na ombi lile lile: "Kaka, sisi hatutaki kugusa kibao cha kileleni na kurudi. Tunataka kulala juu." Inawezekana. Nimewapandisha watu wakalala wakaamka wazima. Lakini maswali yao huwa ya hema na jaketi, wakati kinachoamua usiku ule ni kitu kingine kabisa: mtashukaje mtu akizidiwa. Hilo nitalirefusha kwenye hatua ya 5.

Kwanza tuelewane. Pale kileleni Uhuru penyewe, mita 5,895, halali mtu. Kambi inayoruhusiwa iko ndani ya kreta, lile shimo la volkano juu ya Kibo, mita 5,729, karibu na mabaki ya barafu ya Furtwängler. Kibali chake ni cha ziada, na kampuni yako ndiyo inayokiomba KINAPA, yaani wasimamizi wa hifadhi ya mlima, kabla ya safari. Usifike getini ukidhani utaongezea pale pale.

Hatua ya 1: Chagua siku, si bei

Njia ya Lemosho, siku 8 au zaidi. Anayekuuzia kreta kwa siku 6 hakutakii mema. Mwezi wa kwanza na wa pili ni mzuri, halafu Juni mpaka Oktoba. Masika kaa nyumbani.

Hatua ya 2: Vifaa

Usitumie mamilioni kununua jaketi jipya. Mitumba ya Memorial pale Moshi ina majaketi ya manyoya ya bata yaliyokwisha kupanda milima ya Ulaya, ukienda asubuhi na ukiwa na subira. Pesa yako iweke kwenye mfuko wa kulalia wa kustahimili nyuzi hasi 20 kwenda chini, na magodoro mawili: la povu chini, la kujaza upepo juu yake. Baridi ya kreta inapanda kutoka ardhini. Mtu mwenye jaketi tano na godoro moja hutetemeka hadi asubuhi.

Chukua viroba vitupu. Ardhi ya kreta ni majivu na mchanga, vigingi vya hema havishiki. Unajaza mchanga kwenye viroba, unafunga kamba za hema, unavifukia. Mawe nayo yanasaidia, lakini kamba hukatika kwenye kingo zake upepo ukivuma.

Hatua ya 3: Maji na chakula

Kituo cha mwisho chenye maji ya mto ni bonde la Karanga, mita 3,995. Barafu Camp, kambi inayofuata, haina maji, licha ya jina lake. Kwa hiyo kila tone utakalokunywa Barafu limebebwa na mtu kichwani, na kreta vivyo hivyo, la sivyo myeyushe theluji. Kuyeyusha kunakula gesi na muda kuliko unavyodhani, maana mtungi ukishapoa moto unalegea. Mimi napendelea kubeba maji ya usiku wa kwanza na kuhesabu theluji kama akiba tu.

Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 80 na kitu. Wali hauivi, maharage usijaribu kabisa. Pikeni mtori mzito wa ndizi mkiwa Barafu, mpande nao, mpashe tu. Mtori unateremka hata kwa mtu aliyepoteza hamu ya kula, na kule wengi huipoteza. Chai ya tangawizi, sukari nyingi. Pombe hapana, dawa za usingizi hapana.

Hatua ya 4: Kupanda

Kuna njia mbili za kuingia kreta. Western Breach inapita chini ya mawe yanayolegea barafu inapoyeyuka. Januari 2006 yaliporomoka yakaua wapandaji 3 Wamarekani, na njia ikafungwa kwa muda. Wapo wenzangu wanaoipenda. Mimi siipeleki familia ya mtu pale. Pandeni kutoka Barafu (mita 4,673) kupitia Stella Point, kwenye ukingo wa kreta (mita 5,756), mchana. Ondokeni saa 12 asubuhi, wale waliotoka saa sita usiku mtapishana nao wakishuka. Saa sita hadi nane mko Stella.

Hatua ya 5: Panga kushuka kabla ya kusimamisha hema

Hapa ndipo nawaomba msome polepole.

Kwenye kambi nyingine zote za mlima huu, mtu akizidiwa usiku unamgeuza, unamshika mkono, mnateremka. Kreta ni bakuli, na ninyi mmelala ndani yake. Ili ushuke lazima kwanza upande ukingo hadi Stella. Tofauti ni kama mita 30 tu kwenye ramani. Kwa mtu mwenye maji mapafuni au ubongo unaovimba, saa nane za usiku, mita 30 hizo ni nusu ya mlima. Hapo mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar. Atabebwa. Na wa kumbeba ni nani?

Jibu hilo liwepo mchana. Nataka wanaume wanne wenye nguvu waliolala vizuri kambini, si wapagazi waliojikunja sita kwenye hema la jikoni bila magodoro. Wapagazi wengine wote wabaki Barafu na mizigo isiyohitajika. Kreta haihitaji meza na viti. Wanaopanda wawe na mifuko ya kulalia sawa na ya kwako. Ukiona hawana, ukiwa Karanga bado mnaweza kubadilisha mpango. Oksijeni iwepo, na uone mtungi una kitu. Machela ya gurudumu moja mnayoiona njiani haiko kreta. Helikopta ipo mlimani, lakini usiku msiihesabu.

Halafu Uhuru. Wengi wanataka kwenda alfajiri, wapige picha na jua. Mimi nasema nendeni mchana ule ule, kutoka Stella moja kwa moja, watu wakiwa wameshashuka na kibao ni chenu. Kutoka Uhuru kuna njia inayoteremkia kambini. Faida yake si picha. Mtu ambaye hajafika kileleni atakudanganya usiku. Atasema kichwa hakiumi, atacheka, atatapika nje ya hema kimyakimya, kwa sababu anajua ukimshusha ameikosa Uhuru. Aliyekwisha kufika hana cha kuficha.

Kabla ya jua kuzama, mpime kila mtu. Atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa pili. Akiyumba, anashuka sasa hivi, hakuna mjadala. Akikohoa povu, au anahema vile vile hata akiwa amekaa, anashuka. Kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu msikiabudu: kidole kikiwa baridi kinadanganya, na 70 na kitu kule juu ni kawaida. Muangalie mtu, si namba. Maumivu ya kichwa pekee yanavumilika kama anakula na anaongea vizuri. Lakini kichwa na kutapika pamoja, sisubiri saa sita usiku. Kumshusha mtu saa 11 jioni anatembea mwenyewe ni kazi ya watu wawili. Kumshusha saa nane usiku ni kazi ya wote, na wanaobaki hawana mwongozaji. Kwa hiyo waongozaji wawe wawili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kubaki. Kampuni ikikuambia mmoja anatosha, tafuta nyingine.

Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko: muone daktari kabla ya safari. Haikupi ruhusa ya kupuuza haya yote.

Hatua ya 6: Usiku

Chupa ya maji moto miguuni. Chupa ya kunywa isimame kichwa chini, maana barafu huanza juu. Simu na betri ndani ya mfuko. Chupa ya mkojo, wanaume kwa wanawake, msione haya. Kamwe msiwashe jiko ndani ya hema ili kupata joto. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala. Mtashtuka usingizini mkitafuta pumzi. Ni kawaida, kaeni kitako kidogo.

Hatua ya 7: Asubuhi

Mwenye nguvu anaweza kwenda Ash Pit, shimo la majivu katikati ya kreta, harufu ya kiberiti itamwambia Kibo haujafa. Wengi hawana nguvu hiyo. Chai, fungeni mahema, mwageni mchanga wa viroba pale pale na mvibebe viroba vyenyewe. Saa 1 na nusu muwe mnapanda Stella, na jioni mlale Mweka Camp.

Wapagazi waliolala kreta wapewe bakshishi yao peke yake, mkononi, mbali na bahasha ya wote. Kiasi hicho mkikubaliane kwenye geti la Londorossi kabla hamjaanza kupanda.