SOMO: Kadi mbili za grafiki au moja kubwa? Soma kabla hujatoa hela

Habari za leo wakuu. Mezani kwangu swali hili haliishi: "Fundi, nimepata kadi ya mtumba kama yangu kwa bei ya kutupwa. Nikizifunga mbili si napata nguvu mara mbili?" Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na GTX 970 mbili ndani ya mfuko, ya pili kaishailipia. Iliniuma kumwambia baada ya hela kutoka, kwa hiyo naandika ili mwingine aijue mapema.

HATUA YA 1: Kompyuta yako inafanya kazi gani?

Kama ni gemu, chukua kadi moja. Sisemi hivyo kwa mazoea, kuna sababu.

Wazo la kuunganisha kadi ni la zamani. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo2, ukifunga mbili kwa mtindo walioita SLI, moja inachora mistari shufwa ya picha na nyingine mistari witiri. Mwaka 2004 Nvidia wakalirudisha jina la SLI, na mwaka uliofuata ATI, kampuni ambayo baadaye ilinunuliwa na AMD, wakaja na CrossFire. Hizi mara nyingi zilifanya kazi kwa kupokezana: kadi ya kwanza inachora fremu (picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye skrini) ya kwanza, ya pili inachora fremu ya pili, zinaendelea hivyo. Ilikuwa sawa zamani. Gemu za sasa zinachora fremu mpya kwa kutumia taarifa za fremu iliyopita, kwa hiyo kadi ya pili inabaki kumsubiri mwenzake. Matokeo yake namba ya fremu pale pembeni inapendeza, lakini jicho linaona picha ikisitasita kila unapogeuza kamera. Ukishaiona mara moja huwezi kuacha kuiona.

Tangu DirectX 12, programu ya Microsoft ambayo gemu huitumia kuwasiliana na kadi, mzigo wa kuzitumia kadi mbili umehamia kwa watengenezaji wa gemu wenyewe, na wengi hawakuubeba. AMD waliiacha CrossFire kwenye RX 5700 za mwaka 2019. Nvidia waliacha kuongeza gemu mpya kwenye SLI kuanzia Januari 1, 2021. Katika kadi zao za RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti pekee zilizobaki na sehemu ya kuweka daraja, yaani kiunganishi cha kadi mbili, na RTX 40 hazina kabisa.

Sasa hili ndilo linalowaponza wengi: kumbukumbu hazijumlishwi. GB 4 na GB 4 kwenye SLI zinabaki GB 4, kwa sababu kila kadi inahifadhi nakala yake ya vitu vile vile. Wanafunzi wawili wakiwa na kitabu kimoja kila mtu, vitabu ni viwili ila kurasa za kusoma ni zile zile. Gemu ikikwama kwa kukosa kumbukumbu, kadi ya pili haikusaidii hata kidogo.

HATUA YA 2: Chungulia ubao mama

Kuona nafasi mbili ndefu haitoshi. Mara nyingi ile ya chini kwa umbo ni ndefu, lakini ndani ina njia 4 tu za data. SLI inataka angalau njia 8 kwa kila kadi, na ubao wenyewe uwe umeruhusiwa kuitumia. Angalia pia upana: kadi zikikaribiana hadi kidole hakipiti katikati, ya juu inavuta hewa ya moto inayotoka kwa ya chini.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya umeme

GTX 970 moja ni wati 145, mbili ni 290. Kadi mpya zaidi ya AMD, RX 6600 yenye GB 8, inakula wati 132 peke yake. Plagi ya pini 6 imepangiwa wati 75, ya pini 8 wati 150, na ubao unatoa hadi 75. Pawa saplai ikikosa plagi za kutosha, usiende kununua vile viunganishi vya bei rahisi vya kugeuza plagi za diski. Ninacho kimoja hapa nilichokitoa kwenye mashine ya mteja: plastiki nyeupe imekuwa kahawia, pini moja imezama ndani, na bado kinanuka. Alibahatika kwamba kilizima kabla ya kuwaka.

HATUA YA 4: Hakikisha kadi ndiyo tatizo

Fungua gemu, utazame matumizi ya kadi. Ikiwa asilimia 95 na kuendelea, kadi imefika mwisho, ibadilishe. Ikiwa inacheza kwenye 60 na hujafunga kikomo cha fremu, mara nyingi prosesa ndiyo inayochelewesha, na hata kadi ya milioni hutaona tofauti kubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi sichezi gemu, natengeneza katuni kwa Blender. Na mimi niache?
Jibu: Hapana dada, kwako mbili zina maana. Injini ya Cycles, ile inayochora picha ndani ya Blender, inagawa kazi bila daraja lolote, na muda unapungua kweli. Ila kazi nzima lazima iingie kwenye kumbukumbu ya kila kadi. Kama huwa inagoma kwa kujaa, tafuta moja yenye kumbukumbu kubwa kwanza.

Swali: Na kuendesha akili mnemba nyumbani?
Jibu: Hapo ni tofauti kabisa, kaka. Programu kama llama.cpp inagawa tabaka za modeli kati ya kadi, kwa hiyo RTX 3060 mbili za GB 12 zinabeba modeli ambayo moja isingeweza. Kwa kazi hii kumbukumbu zinajumlika.

Swali: Kadi za mtumba zilizochimba sarafu za kidijitali zinafaa?
Jibu: Nyingi ziliingia sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022. Sizikatai. Zungusha feni kwa kidole usikilize kama inakwaruza, kisha iendeshe kwa mzigo nusu saa mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Swali: Yule kijana wa 970 mbili aliishia wapi?
Jibu: Muuzaji aligoma kurudisha hela. Tukaziuza zote mbili, kila moja kwa mtu wake, akaongezea akachukua RX 6600. Pawa saplai yake ya zamani imetosha, plagi moja tu ya pini 8. Prosesa ndiyo inayoanza kulalamika sasa, nimemwambia ajikusanye taratibu.