Jinsi ya kupanga seti ya Did You Know kwenye ukurasa wa mbele wa Wikipedia ya Kiingereza

Chini ya makala teule kwenye ukurasa wa mbele wa Wikipedia ya Kiingereza kuna sehemu inayoitwa Did You Know. Ni orodha fupi ya mambo ya kuvutia (orodha moja huitwa seti), na kila jambo lina kiungo kilichokolezwa kinachokupeleka kwenye makala mpya. Sehemu hiyo imekuwapo tangu 2004 na inapangwa na wahariri wa kujitolea. Juzi nilimwongoza kwa simu mwenzangu wa Dodoma alipokuwa akipanga seti yake ya kwanza. Maswali yake ndiyo yamenifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu Waswahili tunaopanga ni wachache, na mambo yetu yanapofika pale mara nyingi yanapitia mikononi mwa watu wasioweza kusoma vyanzo vyetu.

Nachukulia kwamba tayari una akaunti, umewahi kupendekeza makala zako, na umehakiki za wenzako. Nitatumia maneno manne. Dokezo ni ile sentensi moja inayoonekana mbele, isiyozidi herufi 200. Pendekezo ni ukurasa ambako dokezo hilo lilijadiliwa. Maandalizi ni sehemu saba ambako wahariri wazoefu hujenga seti. Foleni ni sehemu saba nyingine zilizofungwa, ambako wakabidhi (wahariri wenye mamlaka ya kuhariri kurasa zilizofungwa) huhamishia seti ikiwa tayari, na kutoka hapo roboti huichukua na kuiweka ukurasa wa mbele.

Hatua ya 1: Jua seti yako itatoka saa ngapi

Kwa kawaida seti moja hukaa mbele saa 24. Mapendekezo yaliyokubaliwa yakizidi 120, mwendo huongezwa kwa muda, zikawa seti mbili kwa siku, kila moja saa 12. Roboti hubadilisha saa sifuri za UTC, yaani saa 9 usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa 8 usiku Lubumbashi na Bujumbura, na saa 10 alfajiri Muscat. Mwendo ukiwa wa seti mbili, badiliko la pili ni saa 9 alasiri kwetu.

Hili lina maana kubwa kwa madokezo yaliyoombewa tarehe maalumu. Ukipewa dokezo la vita vya Uingereza na Zanzibar litoke 27 Agosti, siku vilipopiganwa mwaka 1896, basi kwa mwendo wa saa 24 litakaa kuanzia saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 27 hadi saa 9 usiku unaofuata. Hapo hakuna tatizo. Kwa mwendo wa saa 12, liweke kwenye seti ya kwanza ya siku, kwa sababu ile ya pili itatoka Zanzibar nusu ya mchana ikiwa imekwisha. Na mwendo ukibadilika katikati ya wiki, tarehe za seti zote zilizopangwa husogea. Kwa hiyo kila nikiweka dokezo la tarehe maalumu ninaandika ujumbe uliofichwa ndani ya seti, pembeni mwa dokezo lenyewe, kutaja tarehe lililoombewa. Mpangaji mwingine akiona seti imesogea, atajua la kuhamisha.

Maombi ya tarehe hupokelewa angalau wiki moja kabla, na si zaidi ya wiki sita. Mtu akikuomba leo uweke jambo la kesho kutwa, mkatalie kwa upole.

Hatua ya 2: Chota kutoka kwa yaliyokubaliwa

Fungua orodha ya yaliyokubaliwa na uanze na ya zamani. Wapo wanaochagua yanayowavutia wao kwanza. Mimi sikubaliani na njia hiyo hata kidogo. Makala ya mto wa Kigoma ikikaa orodhani wiki tano huku za nyimbo mpya zikipita, aliyeiandika anakata tamaa na hatumpati tena.

Usiguse pendekezo lako mwenyewe wala lile ulilolihakiki. Mfumo mzima unategemea kwamba macho manne tofauti yamepita: mpendekezaji, mhakiki, mpangaji, kisha mkabidhi.

Hatua ya 3: Soma chanzo upya

Hapa ndipo muda wako utakapoishia, na ni sawa uishie hapa. Alama ya kijani ya mhakiki ni ushahidi kwamba mtu alisoma. Haikuondolei wewe wajibu wa kusoma. Dokezo likikosea, litakosea mbele ya mamilioni ya watu, na jina lililoko kwenye historia ya seti ni lako.

Anza na chanzo kabla ya makala. Ukisoma makala kwanza, maneno yake yanakukaa kichwani, na ukifika kwenye chanzo unaona kile ulichokwisha kuambiwa. Fungua ukurasa wa kitabu au gazeti, jiulize kinasema nini hasa, ndipo urudi kulinganisha na dokezo. Hakikisha pia kwamba ndani ya makala, rejeo limewekwa mwisho wa sentensi yenyewe yenye jambo hilo, si mwisho wa aya.

Kompyuta ni bora kuliko simu kwa hatua hii: chanzo dirisha moja, makala dirisha la pili. Kama vyanzo vimefungwa kwa malipo, tumia Maktaba ya Wikipedia. Akaunti yenye miezi sita na haririo 500, ikiwa na angalau kumi ndani ya mwezi uliopita, inaingia bure na kusoma majarida ambayo hata vyuo vyetu vingi havimudu kulipia. Watu wengi wa kwetu wana haki hiyo na hawajui.

Sasa mitego yenyewe.

Mtego mkubwa ni neno "wa kwanza". Chukua Siti binti Saad kama mfano (makala yake ni ya zamani, haiwezi kupendekezwa leo kama mpya). Utakuta pameandikwa kwamba alikuwa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, kwingine kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza, kwingine wa kwanza kurekodi kwa Kiswahili. Hayo ni madai matatu tofauti, na kila moja linataka mtu aliyechunguza rekodi za wengine wote kabla yake. Chanzo kinachomsifia Siti peke yake hakiwezi kuthibitisha hilo. Dokezo la namna hiyo liliwahi kunikalisha jioni nzima, nikifuata rejeo moja hadi jingine, kila mwandishi akimnukuu mwenzake. Suluhisho langu ni kuachana na ushindani wa nani alitangulia na kutumia jambo lenyewe: kwamba mwanamke aliyeanza maisha akiuza vyungu Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Linavutia zaidi, na hakuna atakayelipinga. Maneno "pekee", "mkubwa kuliko wote" na "mrefu kuliko wote" yapime kwa mizani hiyohiyo.

Mtego wa pili ni tarakimu zinazotofautiana. Vile vita vya Zanzibar, baadhi ya vitabu vinasema dakika 38, vingine 45. Mpendekezaji atachagua moja kwa sababu tarakimu kamili inapendeza. Wewe soma vyanzo viwili au vitatu, na vikitofautiana, geuza dokezo liseme "chini ya saa moja". Halipungui utamu.

Mtego wa tatu unatuhusu sisi. Chanzo kikiwa kitabu kisichopatikana mtandaoni, au kikiwa kwa lugha ambayo mhakiki haijui, mhakiki anaruhusiwa kulikubali jambo kwa imani njema na kuweka alama ya kijivu badala ya ya kijani. Makala nyingi kuhusu pwani yetu, wanamuziki wetu na wanasiasa wa zamani huja na alama hiyo. Rejeo ni gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, au ni wasifu wa Siti ulioandikwa na Shaaban Robert, na mhakiki aliyeko Toronto hana namna ya kuvisoma. Wewe unavisoma. Kwa hiyo ninawasihi wote wanaonisoma: ukiona alama ya kijivu kwenye jambo la Kiswahili, lichukue wewe. Tafuta nakala, na ikibidi nenda maktaba. Kisha andika kwenye pendekezo kwamba umesoma chanzo, ukurasa fulani, na kinathibitisha au hakithibitishi.

Na ukisoma vyanzo vyetu, angalia saa. Katika vile vita vya Zanzibar, Uingereza ilimpa Sayyid Khalid, aliyekuwa amejitangaza sultani, muda hadi saa 3 asubuhi, na mizinga ikaanza dakika chache baadaye. Mwandishi asiyejua hesabu yetu ya saa akikutana na "saa 3" ataandika usiku wa manane, na makosa ya aina hii hupita mikono yote kwa sababu sentensi inasomeka vizuri kabisa.

Mtego wa nne ni kunakili. Pitisha makala kwenye kigunduzi cha Earwig, lakini usilale ukikitegemea. Kinalinganisha na kurasa za mtandaoni tu. Mtu aliyetafsiri aya nzima kutoka kitabu cha Kiswahili kwenda Kiingereza hatakamatwa na programu yoyote. Atakamatwa na mtu aliyesoma kitabu hicho. Kutafsiri neno kwa neno bila kusema ni kunakili vilevile.

Watu walio hai wana sheria zao. Dokezo lisimwelemee mtu kwa baya lake, hata kama ni kweli na lina rejeo. Na mgombea wa uchaguzi hapaswi kuwekwa ndani ya siku 30 kabla ya kura. Kenya hufanya uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili ya Julai ya mwaka huo, dokezo lolote la Mkenya aliye kwenye siasa linahitaji uhakikishe kwanza kama jina lake limo kwenye orodha ya wagombea, hata wa kiti cha mwakilishi wa wadi. Wahariri wa mbali hawawezi kulijua hilo. Ukiona jina kama hilo kwenye seti ya mwenzako, sema mara moja.

Dokezo likishindwa, usilirekebishe kimyakimya. Rudi kwenye ukurasa wa pendekezo, eleza tatizo, mtaje mpendekezaji ili apate taarifa, na utoe dokezo mbadala ukiweza. Mbadala huo uhakikiwe na mtu mwingine, kwa sababu huwezi kuidhinisha maneno yako mwenyewe.

Hatua ya 4: Panga mfululizo

Seti hubeba madokezo tisa. Kwa miaka mingi yalikuwa manane. La kwanza lina picha. Picha iwe na leseni huru na ieleweke ikiwa ndogo kama stempu, kwa hiyo uso mmoja au jengo moja linafaa kuliko umati wa watu. La mwisho liwe jepesi, la kumfanya mtu atabasamu. Kati ya hayo, usiweke wasifu mbili zikifuatana, wala nchi moja mara mbili mfululizo. Wasifu zisizidi nusu ya seti, na Marekani isizidi nusu. Tazama pia seti iliyotangulia na inayofuata, ili picha za wanaume wenye suti zisitoke siku tatu mfululizo.

Mimi jambo la Afrika siliweki katikati kila mara kana kwamba ni la kujazia. Likiwa na picha nzuri, lipe nafasi ya kwanza.

Hatua ya 5: Funga pendekezo

Ipo skripti iitwayo PSHAW inayofanya haya yote kwa kubofya, na baada ya kuzoea utaitumia. Seti zako za mwanzo zifanye kwa mkono ili ujue kinachotokea. Nakili dokezo kwenye nafasi yake. Nakili mistari yote ya DYKmake na DYKnom kwenye sehemu ya chini ya seti, pamoja na kile kipande cha "subpage=". Roboti husoma mistari hiyo ili kuwatumia waandishi taarifa ya shukrani. Ukisahau mmoja, kuna mtu hatajua kabisa kwamba makala yake ilitoka. Makala iliyoandikwa na watu watatu huwa na mistari mitatu.

Kisha kwenye ukurasa wa pendekezo badilisha {{DYKsubpage iwe {{subst:DYKsubpage, na |passed= iwe |passed=yes, na kwenye muhtasari wa haririo utaje namba ya eneo la maandalizi ulikoliweka.

Hatua ya 6: Usiondoke

Mkabidhi akishaihamisha seti kwenda foleni huwezi kuigusa tena. Marekebisho yaombe kwenye ukurasa wa majadiliano wa mradi. Ikishafika mbele, malalamiko huandikwa kwenye ukurasa wa makosa ya ukurasa wa mbele, na huko majibu hutakiwa haraka. Uweke kwenye orodha yako ya kufuatilia. Kwa kuwa badiliko ni saa 9 usiku, mimi hutazama nikiamka alfajiri, kisha tena mchana. Mtu akiuliza ukurasa gani wa kitabu unathibitisha jambo, uwe na jibu tayari kwenye pendekezo ulilolifunga, maana kitabu chenyewe huenda umeshakirudisha maktaba.